Nilijibu Amina

Kama wiki jana hukupata gazeti, ama mama wa mandazi alikufungia nalo kabla hujasoma, ngoja nikupe kwa ufupi.

Naitwa Wasike. Shule niliacha kidato cha pili. Kazi ya kuosha magari pale ufuoni nilifukuzwa juu ya mdomo wangu. Kahiga, mwenye jim moja ndogo Kondele hapa Kisumu, akaniokota. Si ati alinipenda. Aliona nina folowa elfu tatu kwa ukurasa wangu wa kuchekesha watu, basi.

"Ukurasa wa jim uko na watu mia sita," aliniambia, "na nusu ni ukoo wangu. Mwisho wa mwezi wafike elfu tano. Wasipofika, rudi kwa matope yako."

Akanipa simu ya jim na sheria moja aliyoitoa kwa semina Nairobi: kila komenti ijibiwe ndani ya saa moja. Komenti bila jibu, alisema, ni mteja umemfungia mlango kwa pua.

Wiki jana niliwaachia pale nimebonyeza kutuma picha ya Mama Nasambu. Leo nawaambia kilichofuata. Nawaambia pia kitu sijamwambia mtu, hata mamangu. Mnitukane mkimaliza kusoma.

Nasambu ni mjane. Anakaanga samaki pale Kisian, kando ya barabara ya Busia. Sukari ilimpanda hadi daktari akamwambia achague: apunguze mwili ama aanze kuzoea kuishi bila vidole vya miguu. Akaja jim na kilo mia moja na kumi na mbili. Alikuwa anapanda zile ngazi zetu akishika ukuta. Miezi kumi baadaye alikuwa kilo sabini na tisa na anapanda akiimba.

Sasa, huku kwetu ukikonda, hakuna mtu anauliza unafanya mazoezi gani. Wanauliza umeanza dawa za virusi lini.

Na wa kwanza kuuliza alikuwa wifi yake, Nakhungu, dada mkubwa wa marehemu bwanake. Huyo anakaa Port Victoria kwa boma ambayo Nasambu pia ana nyumba yake, ile bwanake alimjengea. Nakhungu alikuwa anasema hadharani kwamba Nasambu ana kile kilichomuua ndugu yake, na Krismasi hatafika.

Ndio maana Nasambu mwenyewe alinijia.

"Mwanangu, niweke huko kwa mtandao. Picha ya zamani na ya sasa. Andika kubwa kubwa ni mazoezi. Nataka Nakhungu aone na macho yake."

Nikamtengenezea. Na nilitengeneza vizuri, hiyo ndio inaniuma.

Nilichukua picha ya zamani, nikaifanya nyeusi na nyeupe ili ile mpya ya rangi ing'are. Nikatafuta fremu ya bure kwa apu. Nikachagua yenye maua kwa pembe na mistari ya dhahabu. Chini nikaandika jina lake, halafu miaka aliyobeba ule uzito: 2016 hadi 2024. Picha ya pili, ile ya rangi, ilikaa nyuma yake. Ukitaka kuiona lazima uteleze kidole. Maelezo yote ya kilo na mazoezi niliyaweka huko nyuma.

Sasa niambie wewe unayesoma. Picha nyeusi na nyeupe ya mama mzima, maua, jina, mwaka mpaka mwaka. Huku ziwani tunatumia hiyo kwa shughuli gani?

Mimi sikuona. Naapa kwa hilo. Saa sita mchana Jumatatu nilikuwa naona maua tu.

Kufika saa tisa simu ilikuwa inatetemeka kama imeshikwa na malaria. Komenti themanini. Sisi hatujawahi kupata komenti nane. Nikakumbuka sheria ya Kahiga. Niliangalia mbili tatu za juu, nikaona mikono ya maombi, nikaona "Mungu". Nikadhani watu wanambariki mama wa watu kwa kazi nzuri.

Nikaandika "Amina" na mikono ya maombi. Nikanakili. Nikaanza kubandika. Amina. Amina. Amina. Kama mtu anapanda mahindi.

Nilipofika kwa ya arobaini hivi, ndio nikaisoma. "Pumzika mama. Samaki yako hatutasahau."

Nikarudi juu nikasoma zote. "Pole kwa familia." "Alikuwa amekonda sana siku hizi, tulijua tu." "Mazishi ni lini?"

Hapa ndio nataka mnisikilize.

Nilijua. Saa kumi kasoro, nimekaa kwa benchi ya vyuma, nilijua kwamba nimemtangaza mtu mzima kuwa amekufa. Kuifuta ilikuwa ni kubonyeza mara mbili.

Nikaangalia folowa. Asubuhi walikuwa mia saba. Sasa walikuwa elfu mbili na mia nne.

Nikasema, ngoja kidogo. Nasambu nitampigia nimweleze, atacheka. Kesho tunaposti akiwa hai, watu wanafurahi, tunafika elfu tano. Nikampigia, simu yake imezimwa. Stima ilikuwa imepotea Kisian tangu Jumapili.

Nikaendelea kujibu. Amina. Amina. Jioni zilikuwa mia moja na arobaini na tatu.

Jumanne asubuhi Lornah alifika kabla yangu. Lornah ndiye kocha wetu, msichana wa Kisumu hapa hapa, mabega kama mlango. Alikuwa amesimama katikati ya jim na simu mkononi.

"Omera, ndugu yangu, hii ni nini umefanya?"

"Ni posti."

"Hii ni tangazo la kifo! Watu wa kanisa langu wamechanga ya maua! Wewe kichwa yako iko na ubongo ama ni ya kubebea kofia?"

"Wangeteleza kidole wangeona..."

"Nani anateleza kidole kwa maiti?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijajibu, tukasikia miguu kwa ngazi.

Nasambu aliingia bila kuimba. Leso imefungwa kiunoni, mafuta ya samaki bado mikononi. Lornah alimkimbilia, akamshika kama anapima ni mtu ama ni upepo. Nasambu akamtoa mkono polepole, akanijia mimi.

"Wewe ndiye umeniua?"

"Mama, nisikilize..."

"Leo nimewasha moto yangu saa kumi na mbili kama kila siku. Mteja wangu wa kwanza ameniona, ameacha viatu barabarani. Viatu, Wasike! Wa pili amenirushia chumvi. Nikasema hawa wamelewa. Mpaka Nasipwondi akanipata kwa simu ya jirani."

Nasipwondi ni binti yake, kitinda mimba. Anasoma huko Port Victoria, anakaa kwa ile nyumba.

"Mtoto analia hawezi kuongea. Ati jana jioni hema imewekwa. Nakhungu amevunja kufuli yangu, ametoa vitanda nje, amefagia nyumba ya maombolezo. Wamelia usiku kucha. Mimi, nimeliliwa! Niko hapa nakaanga samaki!"

"Lakini si sasa wamejua uko hai?" Lornah akauliza.

"Wamejua. Nimeongea nao mimi mwenyewe. Unajua wameniambia nini?" Alikuwa bado ananiangalia mimi. "Kwa wakwe zangu, mtu akishaliliwa hakanyagi boma. Akikanyaga analeta kifo cha kweli. Lazima kwanza aje yule aliyetoa habari, asimame mbele ya watu, aseme ilikuwa nini. Kama ni makosa, wananinyunyizia maji, naingia siku hiyo hiyo. Kama mtu alinitangaza akijua niko hai, hiyo ni laana, na kuiondoa ni safari ndefu. Na Jumamosi wanakaa kugawa nyumba. Nikiwa bado niko nje ya lango Jumamosi, nyumba ni ya Nakhungu. Mtoto wangu atalala wapi?"

Watu wa jim wakageuka. Hata yule jamaa wa kila asubuhi, wa kugumia akiinua chuma, aliweka chuma chini bila kugumia.

"Sasa niambie," Nasambu akasema. "Ulijua?"

Na mimi, mwanaume mzima, nikasema: "Sikujua, Mama. Haki ya Mungu."

Aliniangalia. Halafu uso wake ukalegea, akanishika shavu na ile mikono ya mafuta. "Nilijua hukujua. Ni ujinga tu. Ujinga unasameheka."

Heri angenizaba kofi.

Hapo ndipo Kahiga alipanda, anacheka mwenyewe na simu yake.

"Wasike! Elfu sita na mia mbili! Watu wanapiga simu kutoka Maseno, kutoka Busia! Leo tu wamejiandikisha kumi na..." Akamwona Nasambu. Hakushtuka hata kidogo. Akapiga makofi. "Na huyu hapa! Mama, karibu, karibu. Lornah, leta ile taa. Tunapiga video sasa hivi. Mama anapanda ngazi, tunaandika: Amefufuka! Hii tunafika elfu ishirini."

"Bosi, mama amefukuzwa kwa nyumba yake," Lornah akasema.

"Ndio vizuri! Hiyo ni stori."

Nasambu alimgeukia polepole. "Baba, una mama wewe?"

"Mama yangu yuko Nyeri, ako sawa."

"Basi muwekee yeye maua."

Kahiga akacheka vile watu wa biashara hucheka wakitaka uondoke. "Mama, usikasirike. Mtandao ni hivyo. Leo unaliliwa, kesho unapigiwa makofi. Wewe unatembelea jim ya bure mwezi mzima, sawa? Lakini hiyo posti haitoki."

"Itoke," nikasema.

"Wewe nyamaza."

"Nasema itoke, Bosi."

"Lete simu."

"Ngoja."

"Wasike, lete hiyo simu ama nikurushe nayo kwa dirisha!"

Nilikuwa nimeshaifungua. Nikaifuta. Na nilijua kuna kapu ambalo vitu vilivyofutwa hukaa siku thelathini, nikaingia huko pia, nikamaliza kabisa. Halafu nikamtupia simu yake. Ikampiga kifuani, ikaanguka kwa godoro la mazoezi.

Nilijiona mkubwa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nilipumua.

Kahiga aliokota simu, akatafuta, akatafuta. Shingo ikavimba. "Toka. Nikikuona kwa hizi ngazi tena, nitakuitia watu wa soko niseme umeiba. Toka, mbwa wewe. Kuosha magari ndio saizi yako."

"Na wewe rudi kuuza spea za magari kama zamani. Angalau spea haina mama."

Tukashuka, mimi na Nasambu. Lornah akatufuata hadi chini, ananivuta shati.

"Wasike. Ile picha ya pili ilikuwa wapi?"

"Kwa hiyo posti."

"Na maandishi ya mazoezi?"

"Hapo hapo."

"Kwa simu yako uko nayo?"

"Hapana. Yote ilikuwa kwa simu ya jim."

Akafunga macho. "Hao watu wa Port Victoria wako na nini mkononi?"

Nasambu ndiye alijibu, sauti ndogo. "Nakhungu alipiga picha ya hiyo posti kwa simu yake. Iko na ile yangu ya maua. Na Amina zenu."

"Basi umefuta kitu kimoja tu kilichokuwa kinaonyesha ni makosa," Lornah akaniambia. "Kwamba yuko hai hakuna anayebisha. Wanabisha kama ilikuwa mazoezi ama ilikuwa kifo. Na sasa mazoezi umeyafuta wewe mwenyewe."

Nikarudi ngazi mbili juu. Kahiga alikuwa amesimama mlangoni na chuma cha kilo tano. Sikuendelea.

Nasambu akaomba simu ya Lornah, akampigia Nakhungu, akaweka sauti ya nje. Ile sauti ya Nakhungu! Kama msumeno kwa bati.

"Nimeona wamefuta," akasema kabla ya salamu. "Mwenye haki hafuti."

"Wifi, ni kijana tu alikosea. Ni picha za mazoezi."

"Mazoezi gani ya maua? Mimi sitaki maneno ya simu. Niletee huyo aliyesema Amina. Asimame hapa nimuone mdomo. Kabla ya Jumamosi."

Ikakatika.

"Nitaenda," nikasema.

Lornah akanikazia macho. "Watakupiga."

"Wanipige."

Unaona vile nilikuwa shujaa? Shujaa wa uongo mmoja tu. Niliwaza hivi: nitasema nilivyomwambia Nasambu, sikujua, watamwaga maji yao, mama ataingia kwake, yaishe. Viboko viwili vitatu nitavumilia.

Jumatano saa saba mchana mimi na Nasambu tulikuwa Port Victoria.

Hema ilikuwa bado imesimama. Viti vya plastiki vimejaa. Nasambu alisimama barabarani, nje ya lango, miguu imeshikana, kama mtu ameambiwa kuna waya wa stima hapo chini. Nyumba yake ilikuwa hatua thelathini mbele yake, mlango wazi, kufuli imening'inia. Nasipwondi alitaka kumkimbilia. Wamama wawili wakamshika.

Mimi nikaingia peke yangu.

"Ndiye huyu?" mtu akauliza.

"Ndiye. Ona kichwa."

"Kumbe shetani ana umri mdogo hivi."

Mtu akanipiga na ganda la ndizi. Nikaendelea kutembea. Nakhungu alikuwa ameketi chini, kwa mkeka. Nilitegemea mama mnene wa kelele. Nilikuta mama mfupi, amenyoa kichwa, macho yamevimba hadi hayafunguki vizuri.

Alikuwa amenyoa vile waliofiwa hunyoa. Mimi nilidhani kulia kwake ni kwa ajili ya nyumba.

"Sema," akaniambia.

Nikasema. Fremu, maua, uzito, miaka, picha ya pili. Nikasema watu hawakuteleza kidole. Nikasema mimi nilijibu tu bila kusoma, ndivyo kazi ilivyokuwa. Wazee kwa viti wakaanza kutikisa kichwa polepole kukubali, mmoja akasema, "Ujana huo. Ujinga wa simu." Mwingine akamwita msichana alete maji kwa karai. Nikasikia Nasambu huko nje akisema asante, Mungu wangu, asante.

Ilikuwa imeisha. Karai ilikuwa inakuja.

"Ngojeni," Nakhungu akasema.

Akatoa simu kwa matiti. Simu ndogo, kioo kimepasuka. Akaishika mbali na macho, akasoma polepole, kama mtoto wa darasa la pili.

"'Mimi ni wifi yake. Tumekosana naye mwaka mzima. Tafadhali nyinyi wa jim, msiniambie mbele ya watu, niambieni mimi peke yangu. Ni kweli ameenda?'"

Akanigeuzia kioo. Chini yake palikuwa na neno langu na mikono yangu ya maombi.

"Hii niliandika saa kumi na moja na dakika saba," akasema. "Mimi sikusema pole. Sikusema pumzika. Niliuliza. Kwa hiyo nauliza tena. Hii yangu pia hukusoma?"

Saa kumi na moja na dakika saba. Mimi nilijua tangu saa kumi kasoro.

Na kusema kweli yangu yote: sikumbuki kama niliisoma. Nilikuwa nabandika nikiangalia folowa.

"Sikusoma, Mama," nikasema.

"Na hukujua watu wanalia?"

"Sikujua."

Alisimama. Alinishika mkono, si kwa nguvu, akaniongoza kando ya nyumba hadi kwa kaburi la simenti. Jina la ndugu yake liliandikwa hapo na kidole, kabla simenti haijakauka. Watu wote wakainuka kutufuata.

"Weka mkono hapo," akasema. "Mwambie ndugu yangu kwamba hukujua. Ukimwambia, mimi mwenyewe nitamwaga hayo maji, nitamrudisha mke wake ndani, nitampigia magoti. Lakini ujue hapa kwetu. Anayedanganya juu ya kaburi, laana haimrudii yeye. Inamrudia aliyemleta."

Nikageuza kichwa. Kupitia kwa ua nilimwona Nasambu barabarani, ameshika lango bila kulisukuma.

"Weka mkono, mwanangu!" akaniita, sauti imejaa machozi na furaha. "Weka, usiogope! Mimi ndiye nimekuleta, na mimi najua hukujua!"

Simenti ilikuwa ya moto. Niliihisi hata kabla sijaigusa.